Hainuki Mtu Jamvini

Saada Vuai amefundisha fizikia Wingwi, Pemba, miaka kumi na moja, na sita kati ya hiyo ameongoza klabu ya roboti isiyowahi kushinda kitu. Ni mwanamke wa maneno machache, mengi yake ya kukaripia. Neno lake moja wanafunzi wamelihifadhi. Amelitoa nyumbani kwao, kwenye jamvi la kuchambulia karafuu, ambako anayemaliza fungu lake haondoki, huvuta la jirani. "Hainuki ntu mpaka jamvi liwe tupu," huwaambia, hata kama kazi yenyewe ni kukaza skrubu.

Mwaka huu walifika fainali, Chake Chake. Roboti mbili, kila moja na jamvi lake, zitenge karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, kwa dakika ishirini. Timu moja tu ndiyo itakayokwenda Unguja. Nahodha wa Wingwi, Arwa, yuko kidato cha nne. Hana mwaka mwingine.

Wapinzani walitoka kisiwa cha Makoongwe. Wakati wa kuvuka, mkoba wao ulikaa chini chomboni na betri ikalowa maji ya chumvi. Majaji wakawapa dakika kumi: wasipowasha, ushindi ni wa Wingwi. Saada alisikia, akafurahi. Tusimsingizie wema, alifurahi hasa, akatazama saa.

Arwa akamjia. "Mwalimu, wenzetu hawana betri. Sie tunayo ya akiba."

"Ya akiba ni ya dakika za mwisho. Ukiitoa, roboti yetu itazima kazi haijesha."

"Najua."

"Basi?"

Arwa alisimama tu akimtazama, kama anayengoja mwalimu amalizie msemo wake mwenyewe. Saada akageuza uso.

"Haya, wape," alisema kwa hasira.

Roboti ya Wingwi ilizima dakika ya kumi na nne, lundo limebaki nusu. Makoongwe wakashinda. Watu wakapiga makofi. Saada akanyanyuka kwenda kukusanya waya na mikoba, maana machozi yalikuwa karibu na hakutaka yamtoke mbele za watu. Wema hauozi, wanasema. Siku hiyo aliona hayo ni maneno ya walioshinda.

Aliporudi kuwaita wanafunzi waondoke, hakuna aliyesogea. Ummkulthum, nahodha wa Makoongwe, alikuwa amekaa kitako kwenye jamvi la Wingwi na timu yake nzima, medali shingoni, wanachambua kwa mikono lile lundo lililobaki. Arwa alikuwa kati yao, vidole vinakwenda mbio.

"Nani kawaambieni?" Saada akauliza.

"Hajatwambia ntu, Bi," Ummkulthum akajibu bila kuinua kichwa. "Jamvi lingali na karafuu."

Jaji akawakumbusha kwamba hazihesabiwi tena. Wakasema wanajua, wakaendelea.

Saada akatazama huku na huku. Aliyenyanyuka alikuwa yeye peke yake. Akatua mikoba, akavua viatu, akakaa, akavuta fungu.