Uzi wa Kumpimia Koleta

Mume wangu Kashindye hutengeneza pinde, na hamtengenezei mtu upinde kabla hajamshika mkono. Hilo ndilo lililonitia wazimu mwaka huu.

Kijijini kwetu, kati ya Urambo na Kaliua, kila mwenye shamba la karanga ana ugomvi na nguruwe pori. Wanaume huja kupimwa. Kashindye humwambia mteja anyooshe mkono, huvuta uzi kutoka kifuani hadi ncha ya kidole, kisha hupiga fundo. "Sitengenezi upinde wa kujionyesha," huwaambia. "Natengeneza upinde unaosamehe. Mkono ukitetemeka kidogo, mshale bado unafika."

Miaka ishirini na miwili nimesikia maneno hayo bila kuona ubaya. Wateja wote walikuwa na ndevu.

Ndipo akaja Koleta. Ni mjane, tunasali naye jumuiya moja, na shamba lake liko kando ya njia ya zamani ya misafara. Mumewe alipokufa, nguruwe walipata habari kabla ya majirani. Alisimama uani, akanisalimu, "Mwangaluka, mayu," akasema anataka upinde wake mwenyewe. Nilidhani Kashindye atacheka. Akachukua uzi.

Na uzi, jamani, unaanzia kifuani! Nilikuwa jikoni nasonga ugali, nao ukaungua. Akampima mara moja, akampima tena, akamwambia neno nisilolisikia, na Koleta akacheka. Roho iliniuma, sitasema uongo.

Siku tano mume wangu hakuwa na lingine. Aliuparura ule upinde mpaka ukawa laini kuvuta. Alichagua mawano, vile vijiti vya mishale, moja moja, akiyakunja kidogo kwa vidole, na lililolegea au lililokaza mno akalitupa. Mbele akatia chembe nzito ya chuma. Nyuma akafunga manyoya mapana ya kanga wa porini. "Mkono wake bado mgeni," akanieleza bila kuulizwa. "Manyoya mapana yataunyoosha mshale hata ukiondoka vibaya." Mlango wa jiko langu umening'inia tangu Pasaka, huo hakuna wa kuunyoosha. Kisimani jirani yangu Asmahani akaniuliza, "Mke mwenzio hajambo?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka, meno nje tu.

Kashindye alipokwenda Urambo, nilichukua kisu cha jikoni nikayapunguza manyoya ya kila mshale upande mmoja. Kidogo tu. Nilitaka Koleta akose, aone upinde haumfai, asikanyage tena uani kwangu.

Koleta akaja kuchukua upinde wake, na alikosa kweli. Alfajiri moja nguruwe walimlia mistari sita ya karanga, na Koleta akarudi! Hilo sikuwa nimelifikiria. Upinde ukikataa, mteja hupimwa upya. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kashindye aliuinua mshale mmoja kwenye mwanga, akapitisha kidole penye manyoya, akanitazama. Nikajitia hamnazo. Kisha akanipa uzi. "Mama Adriano, leo mpime wewe. Mimi huenda nilikosea."

Nikamshika Koleta mkono. Ulikuwa mwembamba, kiganja kimekakamaa kwa jembe.

"Siku ile alinipima mara mbili," Koleta akaniambia polepole. "Akasema, mkono wako ni sawasawa na wa mke wangu, hata uzi nisingeuhitaji. Nikacheka. Nilipofika nyumbani nililia. Nilikuonea wivu, mama, hata chakula hakikupita. Wangu mkono nani anaujua?"

Uzi ulinidondoka. Afadhali angenitukana.

"Manyoya niliyakata mimi," nikasema.

Kashindye aliendelea kusokota upote wa upinde, hakuinua kichwa. Nami nikaona aibu mpaka miguuni.

"Mistari sita," Koleta akasema. "Ile ndiyo ilikuwa mbegu yangu ya mwakani."

"Mbegu nitakupa."

"Utanipa, na kulinda utalinda." Aliokota uzi, akaniwekea kifuani, akauvuta kwa nguvu hadi kidoleni, akapiga fundo. "Baba Adriano, mtengenezee na huyu. Tutakesha zamu moja hadi tuvune."

Basi Kashindye akaifunga mishale ya Koleta manyoya mapya, akanitengenezea na mimi upinde, nikawa mlinzi wa karanga za mwanamke niliyetaka ahame kijiji. Wiki ya pili, kulipopambazuka, dume kubwa lilitokea kwenye vichaka. Nilivuta mimi kwanza, nikakosa. Koleta alivuta mkono ukimtetemeka waziwazi, na mshale wake ukafika palepale ubavuni mwa dume. Aliruka, akanikumbatia, akapiga vigelegele peke yake pale shambani. Nami nilimpongeza kwa sauti kubwa, huku nikiutazama upinde wake na kujisemea kuwa mume wangu amemtengenezea ulio mzuri kuliko wangu.