Dagaa Ndani ya Gari la Watu

Jirani wa chini hapa Kilburn, London, anakaanga dagaa, na harufu imepanda ngazi mpaka chumbani kwangu. Nimezima pasi, nimekaa.

Siku ile tulikuwa tunarudi London na gari la kukodi, lile lenye vitanda na jiko ndani, sisi na paka wetu wawili. Tulisimama kwenye maegesho kando ya barabara kuu ili baba aswali adhuhuri. Nilishuka kunyoosha miguu, nikasahau kufunga mlango. Baba alipomaliza, paka mmoja alikuwa kitandani. Wa pili alikuwa analia ndani ya injini.

"Nikiwasha atatoka tu," baba alisema, ufunguo mkononi. "Gari linatakiwa jioni hii."

"Ukiwasha utamuua," mama akasema. "Ngoja."

Akatoa dagaa ambao baba alishamkataza kuwapika ndani ya gari la watu, akawakaanga madirisha yakiwa wazi. Mzungu mmoja akapandisha kioo cha gari lake. Baba alitazama saa, akatazama tena. Halafu kilio kule chini kikakatika.

Pua nyeusi ikachungulia kando ya gurudumu.

"Nani kaacha mlango wazi?" baba akauliza.

"Mimi," mama akasema, bila kunitazama.

Baba hakusema naye tena mpaka nyumbani. Mama alinyoosha mkono nyuma, akanipa dagaa mmoja, bado wa moto. Nilimfumbata njia nzima, nikashindwa kumtia kinywani.