Isale Ambayo Baba Hakuituma

Mibuni mibichi ikiungua hutoa moshi mchungu unaokaa kooni, na mwaka ule, nikiwa darasa la sita huko juu Rombo, tulikula na kulala na moshi huo. Baba mdogo Aloisi alikuwa anang'oa kahawa ya babu ili apande nyanya. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na soko la Tarakea lilitaka nyanya. Kwa haki, sioni kosa lake. Ila mibuni ile baba yangu ndiye aliyeimwagilia utotoni, na kwa mila yetu kihamba cha mzee, shamba la urithi, kilimwendea kitinda mimba. Baba, mtoto wa kati, akakatiwa ukingo wenye mawe. Tangu moshi ule uanze hawakusalimiana, hata kanisani. Watu husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Kwa hawa wetu ungelima mpaka jembe liishe.

Shuleni mwalimu wa Kiswahili alitufundisha mchezo wa kuigiza wa zamani, wa ndugu wawili wanaouana kwa ajili ya kiti cha baba yao. Akauliza kila mmoja anataka nini hasa. Nikajibu kwamba mkubwa hakitaki kiti, anataka aombwe. Mwalimu akanisifu na kunipa nafasi ya mkubwa. Resti, binti wa baba mdogo, akawa mdogo. Na kwa kuwa kwetu sisi Wachagga anayetaka kusamehewa hupeleka jani la isale, mwalimu akaongeza onyesho: mkubwa anampelekea mdogo wake isale.

Jumamosi nilichuma isale mpakani, nikaenda kwa kina Resti tufanye mazoezi. Resti hakuwepo. Nilimwamkia baba mdogo. Alilitazama jani mkononi mwangu, akavua kofia, akalipokea kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Isale haikataliwi. Nilipaswa kusema pale pale. Sijui kwa nini sikusema. Niliogopa, au labda nilipenda kuyaona yale machozi, siwezi kuapa.

Jioni alishuka kwetu na mkewe, wamebeba kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi.

"Kaka, nimekubali," alisema. "Na mimi nilikosa. Sikupaswa kuichoma kahawa bila kukuambia."

"Umekubali nini?"

"Isale yako. Si ulimtuma mtoto?"

Baba akanigeukia. "Nilikutuma?"

"Hapana, baba. Ni ya mchezo wa shule."

Mama alishika kichwa. Baba mdogo aliinamisha kibuyu, akaimwaga mbege yote mlangoni, taratibu, mpaka tone la mwisho. "Umenichezea kwa mkono wa mwanao," akasema, wakapanda kwao. Mchezo wetu haukuigizwa.

Miaka mingi baadaye baba mdogo alikufa, na baba hakwenda kuzika. Siku hizi kati ya vihamba viwili kuna ukuta wa tofali, na mimi na Resti tukikutana mjini, mtaa wa Mawenzi, tunasalimiana kama watu waliopanga foleni moja. Baba ni mzee, ninakaa naye hapa mjini, mtaa wa Soweto. Juzi, nikimvalisha viatu, bila kuulizwa akaniambia, "Siku ile nilikuwa karibu kusema ndiyo, nilimtuma. Nilikuuliza ili nipate pumzi. Wewe ukajibu haraka."

Huenda ni kweli. Huenda ni uzee unatafuta pa kuutua mzigo, na mimi ndiye niliye karibu. Maneno ya kumrudishia nilikuwa nayo, tena ya haki. Nikainama, nikaendelea kumfunga viatu.