Mwinyijuma Alivyokisingizia Kisu

Mume wangu Mwinyijuma ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kumtazama mtu akiaibika. Nimeishi naye hapa Mwera tangu Khadija wetu hajazaliwa, na ugonjwa huo umetugharimu mengi. Mwaka mmoja alimkuta jirani juu ya mnazi wetu anaangua nazi zetu. Akakohoa kwa mbali ili mtu yule apate kushuka na kujificha, kisha akageuza njia, akarudi kuniambia shambani hakuna mtu. Nilimcheka siku ile. Siku hizi sicheki.

Tunalima mihogo na minazi kama watu wote, lakini kinachomfanya ajulikane ni kuchinja. Hapa kwetu tumechanganyika, sisi wa pwani na wenzetu walioshuka kutoka Usambara kuja kukata mkonge, wakajenga, wakazaa. Wengi wao ni Walutheri, sisi Waislamu. Arusi ikiwa yao, mnyama huchinjwa na Mwislamu ili sote tule chungu kimoja. Hakuna aliyetulazimisha, ndivyo tulivyozoeana. Na Mwislamu huyo kwa miaka yote alikuwa Mwinyijuma. Jioni ya kuamkia kazi hukaa barazani na jiwe lake, akanoa mpaka nakereka. Akimaliza huyajaribu makali kwa nywele za mkono wake. Anasema mnyama ana haki asiteseke. Ujira wake ni shingo, nami huipika kwa ndizi.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Zebedayo, mkata mkonge. Khadija alipopatwa na degedege utotoni, mvua imekata barabara, Zebedayo ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Mtu wa namna hiyo humlipi. Mnakuwa ndugu, basi.

Mwaka huu Zebedayo alimwoza binti yake mkubwa, Loveness. Wakati huo alikuwa amerudi kutoka masomoni kijana mmoja wa hapa, anasema msikitini kwamba tuache kula vya Wakristo. Wazee walimnyamazisha kwa jina la mume wangu. Walisema maadamu kisu ni cha Mwinyijuma, chungu ni halali. Nilijivunia neno hilo, na lilinitisha pia. Niliona urafiki wa mtaa mzima umetundikwa kwenye kisu cha mtu mmoja.

Asubuhi ya arusi alitoka baada ya swala ya alfajiri. Nilikuwa najifunga kanga nimfuate, nikamenye vitunguu na wenzangu, nikamwona amerudi. Mikono mitupu, shingo hana. Shati lake jeupe halikuwa na tone la damu.

"Kumetokea nini, Baba Khadija?"

"Kisu kilikuwa butu," akasema. "Nimekiinua katikati, mnyama akafa kabla sijamaliza. Nimewaambia Waislamu tusimle. Wenzetu wamle, wao hawana neno."

Nilimtazama usoni, naye akatazama ukuta. Jana yake nilimsikia akinoa mpaka taa zikawashwa. Kisu kile kingekata unyoya ukipepea. Nilijua ananidanganya, ila sikujua anamficha nani.

Arusi ililiwa vyungu viwili, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Sisi tulichinjiwa kuku upesi upesi, tukakaa upande wa mkorosho, wao upande wa nyumba. Watoto walikuwa wakivuka kwenda kucheza, wakirudishwa. Yule kijana wa msikitini alikula kuku wake kimya, ametosheka. Zebedayo alichoma ini mwenyewe, akala wa kwanza, akicheka kwa sauti kubwa isiyo yake. Adhuhuri nilikwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji, nikaona pale alipochinjwa ng'ombe. Damu ilikuwa bado majimaji, nyeusi, haijaganda wala haikuwa na nia ya kuganda.

Jioni Praxeda, mke wa Zebedayo, alituletea shingo kwenye sinia, kwa mazoea na kwa heshima. Alisema kama sisi hatuili, tumpe hata mbwa wetu anayelinda shamba. Alipoondoka, Mwinyijuma alichukua jembe. Akaichimbia shimo la kina kirefu nyuma ya choo, akaizika, akaweka na mawe juu. Mbwa akilia pembeni kwa uchu, akamfukuza.

Kisha ugonjwa ukaja. Zebedayo alianza kwa kuvimba mkono, jeraha jeusi lisilouma, kisha tumbo likamshika. Hakumaliza juma. Binti yake mdogo, Precious, alipelekwa hospitali Tanga akitapika damu, na wengine wawili watatu nyuma yake. Bwana mifugo akaja, akasema ni kimeta, ugonjwa wa ng'ombe unaoua na watu, ngozi ifukiwe kwa chokaa. Akauliza nani alichinja.

Hapo ndipo mume wangu aliponieleza. Alimkuta ng'ombe amelazwa, miguu imefungwa, kichwa kimeshaelekezwa kibla. Alipopitisha kisu damu haikuruka. Ilitiririka nyeusi, na mguu haukutikisika. Akamuuliza Zebedayo, "Huyu amekufa saa ngapi?" Zebedayo akamshika mkono. "Nisitiri, Mwinyi. Wakwe wako njiani. Nitapata wapi mwingine saa hizi?"

"Ningesema ni kibudu," Mwinyijuma aliniambia, "mtaa ungesema Walutheri walitaka kutulisha mzoga. Ningenyamaza, ningewalisha nyie haramu. Nikaona aibu niibebe mimi. Kisu changu, jina langu. Kila mtu angebaki na chake."

"Na ulipoona damu ile?"

"Niliona ni kibudu, Chiku. Niliona haramu tu."

Nilikasirika. Mtu huyu alikuwa amepima kila kitu, dini yake, rafiki yake, amani ya mtaa, akaona amepata njia ya kupita katikati bila kumkwaruza yeyote.

Mtaani neno lilikuwa limeshazaliwa: hakuna Mwislamu aliyeugua, hata mmoja. Eti Waislamu walijua. Siku ya maziko tulikwenda sote. Mwinyijuma aliposhika jembe kufukia kaburi la rafiki yake, kijana wa Kilutheri alimpokonya kwa adabu, akasema, "Pumzika, mzee." Hakuna aliyetuita kula. Njiani nilisikia mlango ukifungwa tulipopita, kisha wa pili. Nilimsihi aseme alichoombwa na marehemu, ajisafishe. Akasema Zebedayo hawezi kujitetea, hatamwanika mbele ya mjane na wanawe.

Praxeda alikuja kabla ya arobaini. Hakupiga hodi kwa sauti. Alikaa mkekani, mweusi kwa nguo na kwa uso. Nikamuuliza hali ya Precious, akasema bado, hajafumbua macho.

"Shemeji," akamwambia mume wangu, "ng'ombe ulimchinja hai?"

"Hapana. Alikuwa amekufa. Nilijua, nikasingizia kisu."

"Na Baba Loveness alijua?"

"Hakujua."

"Usimwongopee maiti. Taa niliishika mimi." Alisema bila ukali. "Ng'ombe alianguka bado giza, tukamfunga miguu wote wawili. Tulidhani ni uchovu wa njia. Dhambi yetu naijua na nalala nayo. Nimekuja kuuliza ya kwako."

Mume wangu akainamisha kichwa. "Uliza."

"Damu uliiona?"

"Niliiona."

"Umechinja miaka yote hii. Uliwahi kuona damu kama ile?"

"Hapana."

Nilitamani aseme zaidi, aseme dini, aseme sitara, aseme Zebedayo alivyomshika mkono. Praxeda aligeuka, akatazama uani alikolala mbwa wetu kivulini, amenenepa, anapiga mkia kwa nzi.

"Shingo niliyowaletea," akasema, "mbwa alikula?"

"Hapana."

"Mlimpa nani?"

"Niliizika," Mwinyijuma akasema. "Niliogopa mbwa asije akaila."

Praxeda alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta nyumba nzima. Akajizoa mkekani, akajitanda kanga.

"Precious alikula mara mbili," akasema. "Aliniomba, nikamwongeza."