Nyumbu wa Bibi Harusi

Kule Gojjam, Ethiopia, mwendo ni neno la kazi nyingi. Kutoka kwa Tirngo hadi sokoni ni mwendo; tabia ya mtu nayo ni mwendo wake; na nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, akienda telki, mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja ikinyanyuka pamoja, mpandaji katulia kama yuko kitandani, basi huo ndio mwendo wenyewe. Kuufundisha ilikuwa kazi ya marehemu mume wa Tirngo. Sasa ilikuwa yake.

"Mwanamke kufundisha nyumbu!" alisema Gashe, yaani Mzee, Admasu, baba wa bibi harusi, alipokuja kumjaribu nyumbu wake aliyemleta afundishwe kumbeba binti yake, siku sita kabla ya harusi. Akapanda, akajaziwa bilauri ya tej, ile pombe ya asali, hadi ukingoni, aishike bila kumwaga, kama ilivyo desturi. Nyumbu akaenda vizuri mpaka kisimani. Hapo wanawake wakamwona mzee mwenye harusi, wakampigia vigelegele. Nyumbu akatoka shoti! Tej yote ikaishia kifuani kwa mzee.

"Huyu akabebe magunia ya nafaka, ya teff," Admasu akanguruma, akijipangusa. "Nikiazima nyumbu wa jirani kwa harusi, dada, nani atakuletea mwingine tena?"

"Niachie siku hizo sita, gashe. Kosa ni langu. Nimemfundisha kimya kimya, kana kwamba anakwenda mazishini."

Kesho yake asubuhi wanawake tisa aliowaita Tirngo walifika na ngoma kwenye uwanja wake wa kupuria nafaka. Tirngo akamfunga nyumbu kamba laini, mguu wa mbele kwa wa nyuma, akamwongoza. Vigelegele vikaanza.

"Mimi siku yangu sikuimbiwa hivi!" akalalamika jirani yake, Yeshi.

"Wewe ulikwenda kwa miguu. Imba, acha wivu!" Tirngo akamjibu.

Siku ya kwanza nyumbu aliruka. Ya tatu akatikisa masikio tu. Ya tano, ngoma ikinyamaza, yeye ndiye aliyegeuka kutazama kulikoni.

Siku ya harusi, bibi harusi alimpanda nyumbu, akashika bilauri iliyojaa pomoni. Mteremko wa mawe, wanawake sitini, ngoma nne. Telki, telki, telki, mpaka mlangoni kwa wakwe, na hakuna tone lililomwagika.

Admasu aliipokea bilauri, akaitazama, kisha akampa Tirngo anywe wa kwanza, mbele ya watu wote.

"Nina mwingine nyumbani," akasema. "Mkorofi kuliko huyu."

"Mlete," akajibu Tirngo, akaimaliza.