Sauti Iliyobadilishwa Bila Dada Kujua

Fundi viatu na dada yake walikuwa na sharti moja: kisichofanyiwa mazoezi hakipigwi mbele za watu. Halikuwa sharti la kujidai. Dada mtu, muuguzi, sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa na la kulia likififia. Alisikiliza nyuzi nene za gitaa la mdogo wake, ndipo akajua aanzie wapi kuimba.

Walipiga muziki wa bluzi, kwa kodi tatu zilezile za gitaa, kila kodi ikiwa sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Lakini fundi alikuwa ameonja muziki wa jazi. Mchana, akishasukuma viatu vya wateja pembeni, alijaribu. Kodi ya pili akaiongezea sauti ya juu. Ya tatu akaiacha kabisa, akaweka nyingine iliyokaa nusu sauti juu ya kodi ya kuanzia, halafu ikateleza kurudi. Ilikuwa tamu, hilo simnyimi.

Wimbo aliokuwa akiubadilisha, dada aliutunga kumlilia marehemu mumewe, na angeuimba siku yeye mwenyewe atakapoagwa na wenzake kazini. Wiki nzima fundi hakukaa raha. Dada akipita kibandani kwake, yeye hufungua mdomo, kisha huufunga.

"Una nini wewe? Umemeza msumari?"

"Hapana, dada. Nawaza tu... pale mwisho, tungebadilisha kidogo?"

"Badilisha kwanza soli ya kiatu changu. Imeachama kama wewe."

Wakacheka, naye akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko ninakokulaumu. Aliogopa kukataliwa, akajidanganya kwamba anamwandalia zawadi.

Siku ya kuagwa ikafika, ukumbi ukajaa. Ubeti wa kwanza fundi aliupiga kama zamani. Wa pili pia. Wa mwisho akaiweka kodi yake mpya. Dada akashika sauti aliyoisikia, akaanza mstari. Gitaa likateleza kurudi chini, yeye akabaki peke yake juu. Akapanda, akashuka, hakuipata. Wauguzi wenzake waliokaa mbele waliinamisha macho. Nyuma mtu akacheka. Dada akalaza kipaza sauti kitini, wimbo haujaisha.

Njiani alisema, "Ungeniambia, mdogo wangu, ningejifunza."

Fundi anapiga kodi zile mpaka leo na wanamuziki wengine, na wanamsifu. Dada hajaimba tena. Mstari wa mwisho wa wimbo wa mumewe hakuna aliyeusikia.