Ghorofa Yangu ya Ruwi

Siku niliyopata ghorofa Ruwi naikumbuka vizuri, mwanangu, maana sikuipata. Hiyo simu yenye picha za nyumba iweke kando kwanza, nikuhadithie.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika Maskati kutoka Unguja, nachapa barua za Kiingereza katika ofisi moja ya Al Khuwair. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea, si cha kupangia nyumba. Nilikaa kwa shangazi yangu Zuwena, Khuwair ya Kusini, ambako watu walijaa mpaka sebuleni. Na mama yangu, mgonjwa wa magoti, alikuwa anakuja Ijumaa. Nilimwahidi kwamba hatalala sebuleni kwa watu.

Jumatatu nikampigia simu mwenye nyumba mmoja wa Ruwi. Akaniambia anayo ghurfa, kodi yake ndogo. Mimi nikasikia ghorofa. Ghorofa nzima kwa kodi ile, nikajiona mjanja kuliko Maskati yote. Nikakubali bila kwenda kuiona, nikampigia mama, nikawatangazia na wenzangu ofisini.

Jumatano nikaenda, akanipa ufunguo. Ghurfa, mwanangu, kwa Waarabu ni chumba. Kilikuwa chumba kimoja, huko juu kabisa, na choo cha kushirikiana na majirani. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Kisha nikaamua ninyamaze, nimpandishe mama hukohuko na magoti yake, kuliko kuchekwa.

Shangazi aliyaona macho yangu mekundu, akanitoa maneno yote. Hakunipa pole hata kidogo.

"Nenda kaseme mbele za watu," akaniambia. "Sema umekosea, na useme unachokiweza kulipa. Mamaako hatolala ndani ya aibu yako."

Alasiri ileile akanipeleka kwa jirani yake, Bi Salma, walikokuwa wanawake wakinywa kahawa. Nikawahadithia ghorofa yangu yote. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika, na mimi nikajikuta nacheka nao. Halafu nikasema waziwazi kwamba nna mama asiyeweza ngazi, na mshahara wangu nikautaja. Bi Salma akaweka kikombe chini.

"Uani kwangu mna mulhaq," akasema. "Vyumba viwili na choo chake, hamna ngazi. Wenye pesa wamekuja, sikuwataka. Nlikuwa namtaka mtu mwenye mama. Utalipa hicho unachokiweza."

Nilimbusu mikono. Ijumaa mama akaingia katika kijumba kile cha uani bila kupanda ngazi hata moja, akatazama huku na huku, akaniuliza ghorofa iko wapi.

"Imebaki Ruwi, mama," nikamjibu. "Hapa ni kwako."

Alikaa pale mpaka nywele zangu mimi zikaanza mvi, na harusi yangu ilitokea mlango uleule. Mpaka leo nikipita mtaa ule natembea kifua mbele.

Basi unapotafuta nyumba, mwanangu, neno usilolijua liulize, na chumba ambacho hujakiona kwa macho yako usikipokee. Uwezo wako utaje bila kuinamisha kichwa. Nyumba za nafuu si zote zinazotangazwa. Nyingine wenyewe wamezifunga, wanangoja wakusikie ukisema shida yako. Mola akujaalie mlango ulio wako, na umpendaye wa kumfungulia.